Mbuzi wa Mize

Kosa ni langu, nakiri. Mize, anayetupikia jioni, aliponipigia simu, "Njoroge, kesho nawaletea mbuzi," mimi nikawatangazia watu wote studio. Kwetu Nyeri mbuzi hulia, kisha huliwa. Ningejuaje kwamba kwao Unguja hukaliwa?

Basi Mize aliposukuma mlango wetu pale Handsworth, huku ughaibuni, alikuta zulia limekunjwa, na Jasvir, fundi wa sauti, amefunika spika kwa nailoni.

"Yuko wapi?" akauliza Jasvir, asiyekula nyama, macho yamemtoka.

Mize akakunjua kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno. "Huyu hapa. Mlitaka mwenye pembe?"

Tulicheka mpaka machozi. Aida peke yake hakucheka. Bendi yake ilitoka Kolombia kuja kurekodi albamu ya roki na fanki ya Kilatini, na kibuyu chao cha kukwaruza kikapasuka kwenye ndege. Nyimbo tisa tayari. Wa kumi, aliomtungia mama yake, ulichechemea bila mkwaruzo ule, na kesho wanaondoka. Asubuhi alikuwa ameshasema, "Tunaufuta."

Mize roho ilimuuma. Wimbo huo ndio aliouimba jikoni wiki tatu, maneno yote ya kubuni, akiwapikia kwa tui la kopo baada ya zamu ya kufagia wodi za hospitali kule Harborne. Leo alitaka kuwaaga kwa tui la kweli. Akaketi, akapasua nazi aliyoinunua Soho Road, akaanza kukuna.

Krrr-cha-cha. Krrr-cha-cha.

Aida akatokea mlangoni mwa jiko. "Mama, usiache!"

"Nikiacha mtakula nini, mwanangu?"

Dakika kumi baadaye Mize alikuwa nyuma ya kioo cha chumba cha kurekodia, hedifoni juu ya mtandio, maikrofoni magotini.

"Njoroge, nikiharibu?"

"Dada, hiyo ni nazi, si mtihani. Kuna!"

Mara ya kwanza alikimbia mbele ya ngoma. Ya pili akabaki nyuma, kama mtu aliyekosa basi. Ya tatu akafumba macho, akayaachia mabega yafanye yanayofanya kila Ramadhani. Besi ikamfuata yeye. Aida akapiga kelele. Jasvir akaachana na vitufe vyake, akarusha mikono juu. Hata mimi, na goti langu hili, nikageuka nikazunguka.

Meno ya chuma yakagusa kifuu. Mize akakiinua kitupu kwenye kioo, mguu bado ukipiga mdundo, sisi sote tumempa mgongo, tunacheza.

"Nazi imekwisha! Mtu aniletee nyingine, jamani. Jamani?"