Chipukizi wa Miaka Milioni Mia

Jana usiku niliota nimeitwa kwenye usaili wa mafunzo ya wanaastronomia chipukizi, na hapo hapo ningepaswa kujua kuwa ni ndoto, maana sijawahi kuitwa.

Nijieleze kwanza, asije mtu akadhani nalalamika kwa mazoea. Mimi ni Subilaga Mwasandube, mwalimu wa fizikia wa sekondari huku Tukuyu, mahali ambapo mvua ikiaga husindikizwa na mvua nyingine. Nina shahada ambayo nyota zake zote nilifundishwa ukutani, kwa projekta. Darubini sijawahi hata kuigusa. Lakini ninayo nyota yangu moja, jirani na lile kundi la nyota la Kilimia, inayoonekana kwa macho matupu. Hufifia na kurudi, nami mawingu yakinihurumia huilinganisha na jirani zake wasiobadilika, kisha naandika. Vitabu vinasema hufifia polepole. Mimi nasema kuna siku huzama ghafla, na kwa hesabu zangu siku hiyo ilikuwa jana. Nilichotaka ni kupewa darubini usiku huo mmoja, nione kama nasema kweli.

Kila mwaka natuma maombi ya mafunzo, na kila mwaka najibiwa kwamba ushindani ulikuwa mkubwa. Tangazo linasema mwombaji awe hajatimiza miaka thelathini na mitano. Nimeitimiza leo asubuhi. Kwa hiyo jana nilikuwa chipukizi kwa mara ya mwisho, na nililala nimekasirika huku mvua ikipiga bati.

Basi niko kwenye ukumbi wa hoteli. Kuna mabirika ya chai, kuna sambusa, kuna bango refu lenye maneno KUWAJENGEA UWEZO WANAASTRONOMIA CHIPUKIZI. Mafundi wawili wenye ovaroli wanakuja na ndoo ya saruji, wananiomba nisimame wima, wanaanza kunijengea. Tofali za kuchoma, kuizunguka miguu yangu. Wanavuta kamba, wanapima, wanagonga kwa mwiko, hawana haraka.

Nawauliza huo uwezo utafika wapi.

"Magotini, dada," anasema mmoja wao. "Sisi kila mwaka tunaletewa hela ya msingi tu. Ya lenta haijawahi kuja."

Alinieleza kwamba nchi nzima imejaa misingi ya uwezo, mingine imeota nyasi, na mwakani watakuja kunijengea mwingine pembeni ya huu. Halafu wakanipa cheti cha ushiriki, tukapiga picha ya pamoja, wao wakiwa wamechuchumaa mbele.

Mwombaji mwenzangu alikuwa Kilimia. Ndiyo, yule yule wa angani, ambaye wakulima wa zamani walimtazama kabla ya kushika jembe na kusema akizama kwa jua huzuka kwa mvua, akizama kwa mvua huzuka kwa jua. Alikuwa ameketi kwenye viti vingi kwa wakati mmoja, kila nyota na mkoba wake. Aliponiona alisimama wote kwa heshima.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nilimwambia kwamba mimi ndiye wa kumwamkia yeye. Akanijibu kwa upole kuwa amelisoma tangazo vizuri, na yeye ana miaka milioni mia tu, ambayo kwa nyota bado ni utoto. Akaniuliza mimi nina mingapi. Nilipomwambia kesho natimiza thelathini na mitano, alitikisa vichwa vyote kwa pamoja.

"Pole, mama," akasema. "Uzee hauna dawa."

Mlango unafunguka na mafundi wananibeba na msingi wangu hadi ndani. Ndani kumbe ni nje. Ni juu ya kilima, saa nne asubuhi, jua kali, lakini zulia la hoteli limeendelea mpaka huku na meza imetandikwa kitambaa cheupe. Nyuma ya meza wameketi watu watatu, kama Darubini na Projekta nao ni watu.

Wa kwanza alikuwa Dakta Bujulu, mwalimu wangu wa chuo, ambaye yupo kweli, na kitambi chake. Tulipokuwa chuoni alichukua vipimo vyangu vya ile nyota, akavichapisha nje ya nchi, na andiko likatoka kwa jina la Bujulu na wenzake. Mimi ni katika wenzake. Wa pili alikuwa Projekta, katibu, ambaye usoni alikuwa na rangi ya buluu tupu na maneno yanayosema hakuna mawimbi. Katikati aliketi mwenyekiti, Darubini mwenyewe, mnene kama tangi la maji, amevaa tai. Jicho lake kubwa lilikuwa limefunikwa kwa kifuniko cheusi, na juu ya kifuniko umefungwa utepe mwekundu.

Nilitoa shikamoo. Dakta akaitikia marahaba, binti, na Projekta akamsahihisha kwamba kwenye kumbukumbu imeandikwa mama.

Walianza na Kilimia. Walimuuliza umri, akautaja, wakatazamana kwa furaha. Dakta Bujulu alisema huyu ni mbichi kabisa, ndio tunaowatafuta hawa. Hawakumuuliza kama anajua chochote. Kisha wakanigeukia.

"Una uzoefu wa kutumia darubini?" Dakta akaniuliza.

"Sina, Dakta. Ndiyo maana naomba mafunzo."

"Mafunzo haya ni ya wenye uzoefu."

"Na uzoefu unapatikana wapi?"

Dakta alimtazama Projekta. Projekta alipiga kelele za feni kwa muda, kisha akasema unapatikana kwenye mafunzo. Wote watatu waliridhika, wakatikisa vichwa. Swali langu lilikuwa limejibiwa.

Hata hivyo, Dakta akasema, kamati hii haina upendeleo. Kila mwombaji atachungulia kwa mwenyekiti na kueleza anachokiona, na atakayeona sawasawa ndiye atakayepata nafasi. Nikauliza kwa nini nyota zitazamwe saa nne asubuhi. Nikajibiwa kuwa saa nne ndipo chai inapoletwa.

Dakta alitangulia ili tujifunze. Aliinama, akafumba jicho moja, akaeleza kwa kirefu habari za mawingu ya gesi, vumbi la rangi ya waridi na nyota zinazozaliwa mbili mbili. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivuma mpaka chai ikapoa. Kilimia akafuata. Alichungulia kwa nyota yake moja tu, akasema anakubaliana na Dakta.

Mimi nachungulia. Giza. Nasubiri jicho lizoee, maana hilo hata vitabuni limeandikwa. Giza. Nainua kichwa, natazama upande wa mbele, naona ule utepe mwekundu ukipepea.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikamnong'oneza Darubini, "jicho lako limefunikwa."

"Najua," akasema. "Nililetwa hivi hivi. Kifuniko kinafunguliwa na mgeni rasmi."

"Yuko wapi?"

"Yuko njiani."

"Tangu lini?"

Darubini alifikiri. Alisema hakumbuki mwaka, ila siku aliyoletwa Dakta Bujulu bado alikuwa na nywele.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliosema hivyo hawakutuambia mwenyeji afanye nini mgeni akikwama. Hapa kilimani mwenyeji aliamua kuendelea na utafiti. Alichungulia kifuniko mchana na usiku, akakiandikia maandiko, akakisafiria kwenye mikutano, na kwa kifuniko hicho hicho akapewa udaktari. Wala hakuna aliyemuuliza, kwa sababu wale ambao wangeuliza walikuwa wakiomba mafunzo kwake.

Nilijua kabisa cha kufanya. Ningesema naona vumbi la rangi ya waridi, nafasi ingekuwa yangu, ningeruhusiwa kukaa kilimani na huenda siku moja ningebaki peke yangu na mwenyekiti. Wengine wamesema hivyo na leo wana ofisi zenye kapeti. Lakini nyuma ya kile kipande cha plastiki nyota yangu ilikuwa inakaribia kuzama, na mimi nimesimama hapa nimejengewa miguu, naambiwa nisifu rangi ya giza. Nilisikia kinyaa.

"Naona kifuniko, Dakta," nikasema.

Kilimia aliangalia chini. Kisha Dakta Bujulu akatabasamu kwa utaratibu, akanipigia makofi.

"Andika," akamwambia katibu. "Kitu kipya. Cheusi, cha mviringo, kimeenea anga lote. Kiitwe Kifuniko cha Bujulu."

"Mgunduzi?" akauliza Projekta.

"Bujulu na wenzake."

Aliposema wenzake, zulia lilifunguka nikatumbukia.

Nilianguka kwenye chumba kirefu kisicho na taa, nyuma kabisa ya jina la Dakta. Hapo ndipo wanapokaa wenzake. Walikuwa wengi kuliko nilivyofikiria, wameketi kwenye mikeka na nyungo mapajani, wanachambua nyota kama tunavyochambua mchele wa sherehe, nyota huku, chenga kule. Zilizo safi zilipitishwa kwenye dirisha dogo, na upande wa pili ilisikika sauti ya Dakta akizishukuru taasisi mbalimbali. Kwenye mkeka wa kwanza nilimkuta Ghati, msichana aliyetuongoza darasa zima kwa alama mwaka wetu chuoni. Nilikuwa nikijiuliza siku zote alipotelea wapi.

"Kaa," Ghati akaniambia bila kuinua macho. "Chukua ungo. Utazoea."

Nikamuuliza mtu hutokaje humu. Alisema hutoki, ila ukiwa mtiifu unatajwa kwenye shukrani, mwishoni, baada ya dereva. Kwenye ungo wake kulikuwa na kitu kinachometameta. Nilipoinama niliona ni Kilimia, ameshachambuliwa nusu.

"Nimefaulu," Kilimia akaniambia akiwa ndani ya ungo. Alifurahi kwa dhati, maskini.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Haikuwa ile hasira yangu ya kila mwaka, ya kuzima simu na kwenda kusahihisha madaftari. Nilirusha teke, na ule uwezo wote ukaporomoka, maana saruji ilikuwa mchanga mtupu. Nikapanda juu ya tofali zangu, nikatanguliza kichwa kwenye dirisha dogo, nikajisukuma pamoja na nyota zilizo safi mpaka nikatokea kilimani. Ghati nilimwita, akasema atakuja akimaliza ungo ule. Najua hatamaliza.

Kamati iko kwenye chai. Darubini yuko peke yake juani. Namshika, nakata utepe kwa meno.

"Bila mgeni rasmi?" Darubini anauliza.

"Mgeni rasmi ni mimi," namwambia. "Nilichelewa kidogo barabarani."

Alilifikiria hilo akaona halina kasoro. Kifuniko kilikuwa kimeganda kwa vumbi na miaka. Nilivuta kwa mikono miwili, nikaegemeza goti kwenye tai yake, huku Dakta Bujulu akija mbio na sambusa mkononi, akisema habari ya itifaki, akisema nani atawaeleza wafadhili, akisema binti, tafadhali, watoto wangu wanasoma. Kwa hilo la mwisho nilimwonea huruma. Lakini mkono haukusimama. Kifuniko kikatoka, kikabingirika kilima kizima, na Dakta akakikimbilia, maana kilikuwa na jina lake.

Nje ilikuwa saa nne asubuhi, lakini ndani ya Darubini ilikuwa usiku safi. Nikaweka jicho. Nyota yangu ilikuwepo pale pale nilipoiacha, kubwa, ya manjano, imekaa kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Nilidhani huko kwenu mmezimika," ikasema.

"Tulifunikwa," nikasema.

"Haya, tazama basi. Sina muda."

Ikazama. Ghafla, jinsi nilivyosema. Jirani zake wasiobadilika walibaki vile vile na yenyewe ikadidimia katikati yao mpaka ikawa cheche ndogo. Niligandamiza jicho kwenye duara la mpira la kuchungulia mpaka mfupa ukauma, nisipitwe na kitu. Nilifurahi. Ningeweza kulitafuta neno la kisomi zaidi, ila nilifurahi tu, na nilikuwa nalia. Nyuma yangu niliwasikia wahudumu wakikusanya vikombe.

Niliamka mvua ikinyesha. Nilikaa kitandani kidogo nikikumbuka kwamba kuanzia leo mimi si chipukizi wa chochote, nikachukua ndoo kwenda bombani. Hapo nilimkuta Mwalimu Nsajigwa, tunayepanga naye nyumba moja, anapiga mswaki chini ya mwavuli. Aliniamkia vizuri. Kisha akauondoa mswaki mdomoni.

"Mwalimu," akasema, "jicho limefanyaje?"

Nilimjibu sijui. Alikwenda ndani kwake akaniletea kioo. Kulizunguka jicho langu la kulia kulikuwa na duara jeusi, la mviringo kamili, limebonyea kwenye ngozi kama alama ya mdomo wa kikombe. Nililigusa, vidole vikatoka na masizi yenye harufu ya mpira wa zamani. Nilimrudishia kioo na kumwambia si kitu, amelala vizuri? Akasema kalala vizuri.

Nikajaza ndoo, nikainama, nikanawa uso. Lile jicho nikaliruka.