Ng'ombe wa Mzee Ostap

Jumanne, muda mfupi kabla ya mapumziko ya kahawa, Lesia Hrynchuk aliingiza mwiko wake mrefu katika mlango wa tanuri ili aengue masizi, akamtoa ng'ombe.

Kazi ya kiwanda kile ilikuwa rahisi kueleza. Gesi ya kisimani ilipulizwa chini ya bati lililoyeyuka, ikapanda kwa mapovu, ikatengana njiani: haidrojeni ikaingia mabombani, kaboni, yaani masizi, ikaelea juu kama utando wa uji. Lesia aliengua utando. Kisima chenyewe kilikuwa shambani kwa baba yake, Mzee Ostap, kando ya bwawa ambalo ng'ombe wake arobaini na mmoja walinywa maji yake wakafa. Kampuni iliandika kwamba walikufa kwa uzee. Mdogo wao alikuwa na wiki tatu. Lesia alitaka jambo moja tu, kisima kile kizibwe.

Ng'ombe, mweusi wa masizi matupu, alijikung'uta, akamchafulia koti msimamizi, Garth.

"Huyo hayumo kwenye orodha," Garth alisema.

"Ni Kalyna. Ana chapa ya baba."

"Dada, kila kinachotoka kwenye bati ni mali ya kampuni."

"Hata chenye pembe?"

"Hasa chenye pembe. Kina kaboni nyingi."

Kufikia Alhamisi walikuwa wametoka wote arobaini na mmoja, ndama akiwa wa mwisho. Katika jimbo lao la Alberta, ng'ombe ni wa mwenye chapa, basi Lesia akamwita mkaguzi wa chapa, Bwana Wendell. Mkaguzi alipitisha kidole ubavuni mwa kila mmoja, akanawa, akarudia.

"Herufi H iliyolala," alisema. "Ni wa Ostap. Sheria haiulizi rangi."

"Lakini walishakufa," Garth alisema.

"Kufa hakufuti chapa, kijana. Ungekuwa nayo wewe, ningekurudisha kwenu."

Mzee Ostap aliwapokea langoni akawaita kwa majina, nao wakaitika. Nyasi kavu alizowawekea hawakuzigusa. Walikwenda moja kwa moja bwawani, wakanusa maji yanayotokota bila moto, wakarudi nyuma hatua kumi na kuyapa mgongo. Theluji ikawa nyeusi chini yao.

"Wanakumbuka," Mzee Ostap alisema.

Lesia aliiandikia kampuni barua, waje wajionee ng'ombe wanavyoyakataa maji. Akaja mtaalamu wa maji, binti mpole mwenye viatu vipya.

"Wanakunywa hapa, baba?"

"Wanasimama hapa," Mzee Ostap alijibu, maana hakuwa mtu wa kusema uongo.

Binti aliwahesabu mara mbili. Ripoti yake ilikuwa fupi: ng'ombe arobaini na mmoja wapo bwawani, na tangu warudi hajafa hata mmoja. Maji ni salama. Kwa nguvu ya ripoti hiyo kampuni ikachimba kisima cha pili, kwa majirani zao kina Wasylyk, ng'ambo ya barabara.

Jumatatu Lesia alirudi kazini. Kando ya mwiko wake Garth alikuwa ametundika kamba ya kuongozea ng'ombe.

"Hao kina Wasylyk wanafuga nini?" Garth aliuliza.

"Nguruwe."

Garth akaitungua kamba, akaenda stoo kutafuta fupi zaidi.