Kompyuta ya Wangari na Baridi ya Eldoret

Siku hiyo mjinga alikuwa mimi. Nasema mapema ili usisumbuke kumtafuta kwingine, maana wengine wote walikuwa na akili zao.

Dada yangu Wangari alikuwa ananunua kompyuta yake ya kwanza ya kucheza gemu na kustrimu, yaani kuurusha mchezo moja kwa moja mtandaoni. Gemu yenyewe ni ya kulima. Ndiyo, kulima. Mtu aliyepalilia mahindi ya Mama kule Chepsaita mpaka akaapa hatashika jembe tena, sasa anakaa kwa kiti laini akiendesha trekta ya kwenye skrini, na watu wanamtazama. Tulimcheka sana pale nyumbani Munyaka, mpaka Mzee Zachariah, mwenye duka la mbegu, alipomwambia kwamba onyesho lake la kwanza Jumamosi likienda vizuri, atamdhamini msimu mzima. Kicheko kikaisha, na mimi nikajiteua mshauri.

Ujuzi wangu? Nimefuga kuku wakafa wote, na nimekuwa na bodaboda ikaibiwa nikiitazama. Mtu aliyepitia hayo hadanganywi na muuzaji.

Dukani, kijana anayeitwa Kevin alipanga vitu mezani. Prosesa ya kuweza kucheza na kurusha matangazo kwa wakati mmoja, niliitikia kwa kichwa. Kadi ya grafiki niliipima kwa mkono, nikaona ina uzito wa kuku aliyeshiba, nikaipitisha. Maikrofoni niliipuliza. Halafu Kevin akaleta feni tatu za kufunga ndani ya kasha ili zipoze mashine.

"Feni za nini, na tuko Eldoret?" nikamuuliza.

Nikamweleza kwamba huu ni mji ambao maziwa hulala mezani yakaamka salama, na mtu huvaa sweta ndani ya koti saa sita mchana. Kevin akajaribu kusema joto la kompyuta hutoka ndani. Nikamwambia hata langu hutoka ndani, na sijawahi kununua feni. Wangari alikuwa anazitaka, lakini mimi ni kaka mkubwa na nina mdomo. Mahali pa feni tukachukua mkanda wa taa zinazobadilisha rangi.

Jumamosi mashine ilikaa sebuleni ikiwaka kama hema la harusi. Ilipendeza, lakini niliiona kama iko uchi. Kwetu kitu cha maana hufunikwa. Redio ina kitambaa, viti vina vitambaa, friji imevalishwa kama bibi harusi. Basi Wangari alipovaa hedifoni na kugeukia skrini, nikachukua kitambaa cheupe cha Mama, kile cha kushonwa kwa mkono kinachotolewa pasta akija, nikakikunja mara mbili na kukitandika juu ya kasha, palipo na matundu, ncha yake ikaning'inia mbele. Mama akapita na chai, akasema sasa inafanana na kitu cha watu waliookoka.

Onyesho lilianza vizuri. Trekta ililima, watu wakasalimia, hata Mzee Zachariah akaandika akiuliza hiyo plau inachimba kina gani. Halafu sebule ikaanza kunuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Trekta ikaganda katikati ya shamba, skrini ikazima.

Wangari akavua hedifoni. Akakiinua kile kitambaa kwa vidole viwili, akaniangalia. Afadhali angenitukana.

Mzee Zachariah akapiga simu. Alisema atangoja mpaka jioni, kwa sababu ameshaita mashemeji waje waone, lakini ikizima tena atabaki na mbegu zake.

Tukaibeba kompyuta mpaka kwa Kevin, mimi nikiongea njia nzima kwamba tumeuziwa prosesa mbovu na lazima ibadilishwe. Kevin akaiacha ipoe, akaiwasha, ikawaka bila shida. Akaziweka zile feni tatu mezani. Wangari akaanza kubandua taa zangu ili azirudishe dukani.

Nikaweka mkono juu ya feni. Haikuwa tena habari ya kompyuta, ilikuwa heshima ya mji.

"Baridi yetu ndiyo inaleta wakimbiaji kutoka ng'ambo kuja kufanya mazoezi Kaptagat," nikasema. "Inatosha kumpoza binadamu anayekimbia kupanda milima, ishindwe na kasha limekaa tu?"

Wangari akauondoa mkono wangu, kidole kimoja kimoja.

"Na kati ya hao wakimbiaji, ni nani uliona akipanda mlima na kitambaa cha Mama kimemziba pua na mdomo?"