Maji ya Chungu cha Okia

Ajono, pombe ya kienyeji, bila maji ya moto ni ulezi uliochacha tu, na Mama Ajambo hakuwa mtu wa kumwacha mgeni anyonye mrija mkavu. Jumapili hiyo baada ya ibada, shemeji yake Okia alikuwa amevuka mpaka kutoka upande wa Kenya, akaketi mbele ya chungu hapo kijijini Kwapa, mrija wake mrefu mdomoni tayari. Mama Ajambo akaona flaski kabatini. Akachovya kidole, akakuta maji ni vuguvugu, basi akayamimina yote sufuriani na kuchochea moto.

Flaski ilikuwa ya binti yake Asekenye, mtafiti wa maabara moja mjini Tororo. Maji yale aliyatoa kwenye chemchemi ya moto magharibi mwa Uganda. Ndani yake mliishi arkea, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, waliozoea joto la kuivisha yai. Asekenye alitaka kinasi zao, yaani vimeng'enya vinavyopachika chembe za fosfeti kwenye protini na kuiamuru ianze kazi au itulie. Lakini siku aliyoondoka kule, kilima kiliporomoka kikaifukia chemchemi. Maji mengine hayakuwepo.

Asekenye aliporudi kutoka kwaya, sufuria ilikuwa ikitokota.

"Mama, hiyo maji umetoa wapi?"

"Kwa flaski yako. Ilikuwa imepoa, nikasema wacha niweke kwa moto."

Asekenye aliketi mavumbini na gauni lake la kanisani. Chemchemi ilikuwa moto, ndiyo, lakini haikuwahi kutokota namna hii. Alipomweleza mama yake, Mama Ajambo aliipua sufuria, akaifunika kwa leso yake mwenyewe, machozi yakimtoka. Okia, mwenye kiu kuliko aibu, aliuliza kama maji mengine yatapatikana. Wanawake wawili walimtazama, akarudi kwenye mrija wake.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Haya hayakumwagika, yalichemka tu, kwa hiyo Asekenye aliyarudisha flaskini. Jumatatu alikwenda nayo Tororo, na mama yake akakataa katakata kubaki nyumbani. Alisema kama ni matanga, aliyeua lazima ahudhurie.

Maabarani, Asekenye aliwapasua viumbe wale, akachuja kilichotoka ndani yao, akakichanganya na protini na fosfeti. Akauweka mchanganyiko kwenye joto kali. Mwishowe akaupitisha kwenye kipande cha jeli kinachopanga protini kwa mistari, akatia rangi inayong'aa pale tu protini ilipobeba fosfeti, akawasha taa ya buluu.

Mstari ukang'aa.

Haukuwa hafifu. Ulikuwa mmoja, safi, wa kijani. Vijidudu vya kawaida vilivyoingia flaskini njiani vilikuwa vimeuawa na moto wa Mama Ajambo, protini zao zikaganda kama ute wa yai na kuzama chini. Kinasi ya arkea ilikuwa imepita katika moto huo huo na bado ilikuwa ikipachika fosfeti. Asekenye alimwogopa Mungu siku hiyo kuliko alivyowahi kumwogopa kanisani. Kitu kidogo kuliko vumbi kilikuwa kimekataa kuharibika.

Akamvuta mama yake karibu, akamwonyesha. Akamwambia kwamba hata ndani ya damu yake mna kinasi zinazofanya kazi hiyo hiyo usiku na mchana, ila zake zingechemshwa, zingeganda.

Mama Ajambo aliutazama mkono wake, kisha ule mstari. Akashusha sauti, kama mtu aliyeingia chumba chenye mtoto mchanga.

"Hao wadudu bado wako hai?"

"Wenyewe sijui, mama. Lakini kazi yao iko hai."

Mama Ajambo akafungua leso aliyofunikia sufuria jana, akajipangusa macho.

"Na mimi nililia usiku mzima nikidhani nimewachoma," akasema. "Kumbe nimewarudisha kwenye joto la kwao."