Plasta ya Mita Elfu Tatu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa pili, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mlingoti ukiwa nusu umesimama nusu umelala, pale kamera ya Fundi Picha ilipoanza kukwaruza kama panya ndani ya kabati.

Hadi dakika hiyo, kusema kweli, alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuionja tangu amzike mkewe miaka minne nyuma. Miaka ishirini alikuwa amepiga picha za harusi. Kumbi zile zile, keki zile zile, mabwana harusi wanaobana midomo vile vile. Leo alikuwa amesimama juu ya mawingu. Mawingu yalikuwa chini ya miguu yake, meupe kama pamba iliyochambuliwa, na mbele yake wanaume thelathini walikuwa wamekaza kamba kunyanyua mlingoti wa kupimia hali ya hewa ambao vipande vyake walivibeba kwa siku mbili. "Moja, mbili, vuta," aliita msimamizi wa kamba, na chuma kikapanda kiasi cha shibiri. "Moja, mbili, vuta." Moyo wa Fundi Picha ulikuwa unadunda kama wa kijana anayekwenda kuposa. Alisogea mbele, akapiga goti juu ya jiwe, akainua kamera ili kichwa cha mlingoti kikate anga katikati.

Hapo ndipo ikakwaruza. Picha kwenye kioo kidogo ikaganda, na maandishi mekundu ya Kiingereza yakatokea.

Fundi Picha aliacha shule darasa la tatu. Kiswahili cha herufi kubwa alikisoma vizuri tu, mradi mtu asimharakishe. Kiingereza kwake kilikuwa siafu waliopangwa mstari.

"Bosi," aliita, "hebu niangalizie, hapa pameandikwa nini?"

Bosi huyo ndiye meneja wa mradi. Wapagazi walimbandika jina la Tai Nyekundu, kwa sababu alipanda mlima mzima na tai shingoni, na kila penye mwinuko mkali aliilegeza kidogo, penye tambarare akaikaza. Alikuwa amesimama na wageni watatu wa makao makuu. Hakuinama hata kidogo kutazama kioo.

"Baridi hiyo, mzee. Endelea kupiga. Mlingoti hausimami mara mbili."

Ndivyo walivyo wakubwa. Kusoma wanajua, tena wamesomeshwa kwa jasho la watu, lakini ukiwaomba wakusomee maneno manne tu shingo inakuwa nzito.

Fundi Picha akafanya alichokuwa anakifanya kila kazi inapomchanganya. Akapitisha dole gumba ubavuni mwa kamera, mahali palipokuwa na plasta ya mkewe. Dole likateleza juu ya kitu laini, cha baridi. Akakumbuka.

Siku kamera ilipoingia nyumbani, miaka saba iliyopita, mkewe ndiye aliyemsomea kijitabu chake ukurasa kwa ukurasa, huku anamenya viazi. Kamera ilikuwa ya diski ngumu, haitumii kanda, na ilikuwa na masharti mengi kuliko mama mkwe. Mkewe akakata kipande cha plasta nyeupe ya kufungia vidonda, akakibandika ubavuni, akaandika masharti manne kwa herufi kubwa. Tangu hapo Fundi Picha hakuwasha kamera kabla ya kupapasa plasta ile na kuisoma, kama mtu anayebisha hodi. Masharti matatu ya kwanza aliyajua usingizini: usiiangushe, isiloe, ukitoka kwenye baridi ukaingia kwenye joto subiri ikauke ndipo uwashe. La nne halikuwahi kumhusu. Katika kumbi za harusi nani ana haja nalo? Jicho lilikuwa linalipita tu.

Jioni ya kuamkia safari, Bwana Ghala wa kampuni alitoka na karatasi zake za kubandika zenye namba. Kila kifaa kinachopanda lazima kiwe na namba. Sufuria, namba. Koleo, namba. Akaichukua kamera, akatafuta mahali palipo bapa, akabandika namba juu ya plasta, pwaa.

"Bwana we, hapo kuna maandishi ya mke wangu," alisema Fundi Picha.

"Mkeo ana namba?"

"Kamera yenyewe ni yangu, si ya kampuni."

"Basi baki nayo chini," alisema Bwana Ghala. Tai Nyekundu, aliyekuwa anapita, akaongeza bila kusimama, "Utaratibu, mzee. Utaratibu ndio umetufikisha hapa."

Naye akaitia kamera mkobani, kwa sababu alitaka mno kuyaona mawingu kutoka juu.

Sasa, juu ya jiwe lile, kamera ikiendelea kukwaruza, alitia ukucha chini ya pembe ya namba na kuivuta. Namba ikatoka pamoja na plasta yote. Akaigeuza. Gundi ya namba ilikuwa imeshika plasta upande mmoja tu, kwa hiyo alipoifunua namba kwa meno, mstari wa nne ulikuwa bado unasomeka, umefifia lakini uko pale, kwa mwandiko ule wenye herufi za kuinama kulia: JUU YA MITA 3000 USIWASHE KABISA.

Mlango wa kibanda cha bati nyuma yake ulikuwa umepakwa rangi: MITA 4,100. Alikuwa ameupita mara sita tangu alfajiri.

Akazima kamera.

"Nani kazima?" Tai Nyekundu alikuja mbio, tai imerukia begani. "Mlingoti umefika wapi na wewe unazima?"

"Mkubwa, hii haitakiwi kuwashwa huku. Kuna kitu changu humo ndani."

"Humo ndani kuna mradi wa miaka mitatu." Akaipokonya, akabonyeza kitufe kwa kidole chake mwenyewe, kile kile anachotia nacho sahihi. Diski ndani ikazunguka, ikakwaruza, ikasema tak. Halafu kimya.

Nyuma yao mlingoti ukasimama. Watu thelathini walipiga kelele moja iliyoteremka hadi mawinguni, kofia zikaruka, na Fundi Picha, Mungu amsamehe, alijikuta naye anashangilia, mikono juu, kabla hajakumbuka kilicho mikononi mwa Tai Nyekundu.

Kilichokuwamo kilikuwa dakika kumi na moja. Picha za harusi alizifuta kila zilipokwisha kukabidhiwa kwa wenyewe, ila hizo za kwanza kabisa hakuzigusa: mkewe jikoni, siku ile ya kijitabu, ameishika kamera na kumpiga yeye picha huku anasoma na kucheka. Hapakuwa na sauti nyingine ya marehemu popote duniani. Yeye mwenyewe hakuthubutu kuisikiliza tangu msiba. Mkewe alifia kwenye benchi la hospitali akisubiri daktari mkuu atoke mkutanoni, na Fundi Picha alijua kwamba akiisikia sauti ile angekwenda kuvunja mlango wa mtu. Binti yake alimwomba miaka minne mizima: "Baba, nipe niihamishe, nitakurudishia siku hiyo hiyo." Akakataa. Wasomi wote ni wale wale, alisema, watafuta halafu waseme ni kosa la mitambo. Mwezi uliopita binti alikuwa amemwambia kwa simu, taratibu, kwamba ameanza kusahau mama yake alikuwa anasemaje.

Tai Nyekundu alipomsukumia kamera ili akapeane mikono na wageni, Fundi Picha aliteremka mlima kwa siku moja badala ya mbili. Kamera aliizungushia fulana, akaiweka kifuani kama mtoto mchanga. Wapagazi walimtania, "Fundi, umejifungua lini?" Alikuwa anakimbia kwenye changarawe, magoti yanalia, na ndani yake palikuwa na wasiwasi na matumaini vinavyokimbia pamoja naye, bega kwa bega.

Binti alimpokea stendi na kumpeleka moja kwa moja kwa Mama Diski, mwanamke mwenye karakana ya kompyuta juu ya duka la viatu. Meza yake ilikuwa na bisibisi ndogo kama sindano na taa inayoinama.

"Umeiwasha tena tangu ilipolia?" ndilo swali lake la kwanza.

"Sijaigusa."

"Hapo umenisaidia sana, baba." Akachukua sahani ya kikombe, akaizungusha mezani, akaweka kiganja juu yake bila kuigusa. "Diski ni hivi. Inazunguka, na kichwa kinachosoma kinaelea juu yake. Kinaelea juu ya hewa, nyembamba kuliko unywele. Huko juu hewa ni haba. Kichwa kinakosa cha kulalia, kinashuka." Kiganja kikagusa sahani, nayo ikasita kwa mlio. "Ukibeba imezimwa, kichwa kimeegeshwa pembeni, hata kileleni haina neno. Ukiwasha ndipo unaiua."

"Sikuwasha mimi mara ya pili," alisema Fundi Picha.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Tai Nyekundu mwenyewe, suti kamili, na Bwana Ghala nyuma yake amebeba daftari.

"Nimeambiwa iko hapa," alisema. "Makao makuu wanataka picha za mlingoti kesho."

Mama Diski hakumwangalia. Alikuwa tayari ametoa diski na kuiunganisha na mashine yake, sikio karibu. "Inazunguka," alisema, na binti akamshika baba yake mkono kwa nguvu hadi pete ikamuuma. "Lakini kichwa kimeumia. Nitasoma kuanzia upande mmoja, na huenda kikafia hapo hapo. Picha za zamani ziko mwanzo, mpya ziko mwisho. Niambieni nianzie wapi."

"Mwisho," alisema Tai Nyekundu.

"Mwanzo," alisema binti.

"Dada, kifaa hiki kina namba ya kampuni. Bwana Ghala, soma."

Bwana Ghala akafungua daftari, akapata mstari, akasoma namba kwa sauti. Mama Diski akaigeuza kamera tupu, akaipapasa ubavuni. "Hapa hapana namba."

Fundi Picha akaingiza mkono mfukoni. Akaiweka plasta mezani, namba juu, kisha akaifunua namba.

"Namba yenu hii. Na chini yake ni mke wangu, alikuwa anawaambia msiwashe. Mlimfunika."

Mama Diski alisoma namba na maandishi, polepole. "Nani aliyebandika?" Bwana Ghala akalitazama daftari lake kana kwamba jibu lingekuwa humo. Tai Nyekundu akagusa tai.

"Naanzia mwanzo," alisema Mama Diski, akabonyeza.

Mstari wa kijani ulitambaa kwenye kioo. Robo. Nusu. Ukasimama, diski ikakohoa, kisha mstari ukatambaa tena. Hakuna aliyeondoka, hata Tai Nyekundu, ambaye alikuwa amesahau kukaa na kusahau kwamba ana haraka. Ulipofika mwisho, diski ikasema tak, kama ilivyosema mlimani, na haikuzunguka tena.

"Mlingoti umekwenda," alisema Mama Diski. "Ila hiki nimekipata."

Akafungua. Jiko likajaa kwenye kioo, ganda la kiazi sakafuni, na Fundi Picha wa miaka saba nyuma kakaa juu ya kigoda, hana mvi, anacheka. Halafu sauti. Binti akafunika mdomo kwa viganja viwili na kucheka na kulia kwa pamoja. Fundi Picha alisimama wima, damu inamkimbia masikioni, akatabasamu mdomo mzima kama mtu aliyeuona mlingoti ukisimama mara ya pili.

"La nne," ilisema sauti, nyuma ya kamera, "juu ya mita elfu tatu usiwashe kabisa. Umesikia?"

"Nitapanda mlima gani mimi?" alijibu yule wa kwenye kigoda. "Si utakuwepo unikumbushe?"

Sauti ikacheka. Picha ikayumba, ikamkaribia uso. Zilikuwa zimebaki sekunde chache.

"Na nikiwa sipo, mzee wangu, nani atakusomea?"