Mjomba Akisema Kimya

Mjomba wangu akisema "kimya", gari linatoka kiwandani. Asiposema, halitoki, hata mkurugenzi apige magoti. Ndivyo tulivyozoea. Sisi wabunifu tunachora, wachomeleaji wanaunga, mafundi wanafunga, halafu mjomba analipeleka gari kwenye barabara ya majaribio nyuma ya kiwanda, ile tuliyoiharibu kwa makusudi kwa mawe na matuta madogo madogo. Akirudi anasema neno moja tu: ama "kimya", ama "linaongea". Wote wanamwita Sikio. Jina lake halisi nadhani hata ofisi ya mishahara imelisahau.

Ni kaka wa mama yangu, na ndiye aliyenilea mama alipofariki. Kazini namwita Mzee Sikio, nyumbani namwita mjomba, na nikikasirika namwita vyote viwili kwa pamoja.

Asubuhi ile alikuwa anajaribu kitu changu, na roho yangu ilikuwa mkononi. Nilikuwa nimebuni nguzo mpya ya usukani, lile bomba linalotoka kwenye usukani na kuzama chini ya dashibodi. Karakanani tunaiita shingo. Shingo yangu inapanda na kushuka, inasogea mbele na kurudi nyuma, ili dereva mfupi na dereva mrefu wapokezane gari moja bila mmoja wao kuendesha magoti yakiwa masikioni. Magari yenyewe yalikuwa ya wagonjwa, na magari ya wagonjwa hubadilisha madereva kutwa.

Kutengeneza shingo inayosogea si kazi. Kazi ni kuizuia isigongegonge, maana kitu chochote kinachoweza kusogea hupenda kusogea hata usipokiomba. Ni mabomba mawili, moja ndani ya jingine. Ukiacha nafasi kati yake, barabara mbovu inayachezesha ka-ka-ka mpaka dereva anatamani kushuka atembee. Ukibana, hayasogei tena. Mara mbili nilikuwa nimepeleka shingo yangu kwa mjomba, na mara mbili alirudi akasema linaongea, mbele ya watu wote, bila hata kuniangalia kwa huruma. Niliweka bushi za plastiki ngumu katikati ya mabomba, nikabadilisha springi ya leva inayoifunga shingo, nikapunguza nafasi mpaka unywele usingepita.

Mkurugenzi naye alikuwa ameshakata kauli. "Likiongea tena, tunanunua shingo zilizokwisha tengenezwa huko nje," aliniambia. "Na chumba chenu cha kuchorea kitawafaa watu wa matairi." Alisema "chenu" huku akinitazama mimi peke yangu.

Siku hiyo aliamua kupanda na sisi. Ni mrefu huyo bwana, mrefu wa kuudhi. Akiwa hayupo tunamwita Mlingoti. Alijikunja kiti cha nyuma, simu sikioni, magoti yakisukuma mgongo wa kiti changu. Mimi nilikaa mbele, pembeni ya mjomba. Kwa muda mrefu sasa mjomba alikuwa hataki kujaribu gari lolote bila mimi, hata lisilo na mkono wangu ndani yake, na wenzangu walishachoka kunong'ona kuhusu upendeleo.

Kabla ya kuwasha, alivuta kioo cha ndani, akakigeuza kidogo upande wangu. Huo nao ulikuwa mtindo wake. Niliwahi kumtania, "Mjomba, unatafuta nini humo, mvi?" Akanijibu, "Barabara ya nyuma nimeshaipita."

Sasa, mimi uso wangu hauna siri. Nikiona kitu kibaya nanuna kabla sijajua kama nimenuna. Tangu shuleni walimu walikuwa wananifukuza darasani kwa uso tu, mdomo sijaufungua. Lakini asubuhi ile niliapa kwamba Mlingoti hatanisoma. Kama shingo yangu itaongea, itaongea yenyewe. Mimi sitamsaidia.

Tukaanza usukani ukiwa chini kabisa. Mawe yalipita chini yetu, milango ikatetemeka, machela ya nyuma ikalia kama kawaida ya machela, lakini shingo ilitulia. Mjomba akafungua leva, akapandisha usukani katikati, akafunga. Tukarudia. Imetulia. Nilianza kuhisi vidole vyangu tena. Akapandisha mpaka juu kabisa, mahali ambapo mtu kama Mlingoti angeuweka, akafunga leva, tukaingia kwenye matuta.

Tk.

Haikuwa ile ka-ka-ka ya zamani. Ilikuwa sauti moja kavu, ndogo, kama mtu anayekata kucha chumba cha pili. Nilijua papo hapo ni nini, kwa sababu nilikuwa nimeyachora mwenyewe yale meno. Ukifunga leva, sahani yenye meno huingia kwenye sahani nyingine yenye meno, jino ndani ya pengo, na shingo inakamatwa. Lakini pale juu kabisa meno yalikuwa hayaingii. Jino lilikuwa limekaa juu ya jino. Leva inaonekana imefungwa, mkono unahisi imefungwa, kumbe meno yameshikana kwa ncha tu, na mtikisiko wa kutosha ukija yanateleza. Usukani unaanguka mapajani mwa dereva, akiwa kwenye kona, na mgonjwa nyuma.

Tk, tena.

Nikaukaza uso kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nilimsubiri mjomba aseme. Sikuwa na shaka atasema. Mjomba huyu alishawahi kusikia nati iliyolegea kwenye gari la jirani akiwa bafuni. Atasema linaongea, Mlingoti atafoka, mimi nitakwenda kulia chooni, na shingo itarudi mezani. Nilimwona akitupa jicho kwenye kioo. Akatupa tena. Mimi nikatazama mbele, macho makavu, midomo imefungwa.

Akasimamisha gari mbele ya karakana. Mikono yake ilibaki juu ya usukani.

"Kimya," akasema.

Mlingoti akapiga makofi huku nyuma, simu ikamponyoka. "Hatimaye!" akasema. "Bora ungesema hivyo tangu mwanzo, ungetuokolea muda." Akajikunjua nje ya gari, akavua koti, akamtupia mlinzi. "Leteni funguo. Watu wa hospitali wananisubiri kule chini. Nawapelekea mwenyewe, waone."

Kule chini maana yake ni nje ya geti, ambako barabara inateremka moja kwa moja, halafu inakata kona kali ukutani.

Nilimshika mjomba mkono, nikamvuta nyuma ya rundo la matairi. Damu ilikuwa inanichemka. Mtu aliyeninyima tabasamu mara mbili mbele ya watu, leo ndiyo ameamua kunihurumia?

"Mjomba, umenipendelea?"

"Nimekupendelea nini?"

"Limeongea! Usukani ukiwa juu. Limeongea mara mbili, mjomba, nawe ukasema kimya!"

Uso wake ulibadilika taratibu, kama mtu anayejipapasa mifuko na kukuta kitu hakimo.

"Ulikuwa umetulia," akasema. "Nilikuangalia. Uso wako ulikuwa mkavu kabisa."

"Uso wangu una uhusiano gani na—"

Nikaishia hapo. Niliona kile kioo. Nikaona safari zote nilizopanda naye, kioo kimegeuzwa upande wangu, yeye akitazama barabara kidogo na mimi kidogo, na kila nilipokunja uso, tukirudi anasema linaongea. Nilikuwa najisifu moyoni kwamba mimi na mjomba tunasikia sawa.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Sauti kubwa nasikia. Wewe nakusikia, unapiga kelele." Alijaribu kucheka. "Hizi ndogo ndogo zilianza kuniacha moja moja. Nikasema, mtoto anazisikia. Mtoto uso wake haujawahi kunidanganya." Akaingiza mikono mifukoni. "Leo ulikuwa unaficha nini?"

Kwa kiburi nilikuwa nimemficha Mlingoti uso wangu, na badala yake nikamfumba macho mtu mmoja aliyekuwa ananitegemea. Nilitamani ardhi ipasuke. Halafu nikasikia injini ikiwaka.

Nilikimbia. Mlingoti alikuwa amekwishapandisha usukani mpaka juu kabisa, amefunga leva, anarekebisha shati. Mlinzi alikuwa anasukuma geti. Gari likaanza kutambaa, nami nikaingia mbele yake, nikapiga boneti kwa viganja vyote viwili. Akafunga breki, bampa ikaja kusimama kwenye magoti yangu.

Akatoa kichwa dirishani. "Umerukwa na akili?"

"Bosi, shuka. Linaongea."

"Nini?"

"Ukiuweka usukani juu, meno hayashiki. Nimesikia mwenyewe. Shuka, tafadhali."

"Sikio amesema kimya."

"Mimi ndiye niliyeibuni hiyo shingo, na mimi nakwambia haijawa sawa!" Jina la mjomba sikutaka kuligusa. Mtu amelifanya sikio lake kuwa jina, amelitumia kutulisha na kutusomesha, halafu mimi nilitaje pale getini, mafundi wote wakiwa wameshatoka kutazama? Nilikuwa radhi nionekane kichaa. "Sikuwa na uhakika. Sasa nina uhakika. Kosa ni langu."

Mlingoti akacheka, na hakuwa anacheka kwa ubaya, ndilo lililoniogopesha. Alinionea huruma. "Una hofu, binti. Umehangaika sana na hiki kitu, ukakizoea kushindwa. Wapishe watu wafanye kazi." Akawageukia mafundi. "Hebu niambieni, hapa nani ana masikio? Huyu, au Sikio?"

Akaachia breki. Gari likanisukuma hatua nzima nyuma. Sikutoka. Viatu viliteleza kwenye changarawe, geti lilikuwa wazi nyuma yangu, nikahisi mteremko unaanza chini ya visigino.

"Yeye," ilisema sauti ya mjomba.

Alikuwa amekuja bila haraka, kofia mkononi. Alisimama kando ya dirisha la dereva, akasema kwa sauti kubwa kupita kiasi, sauti ya mtu asiyesikia vizuri maneno yake mwenyewe. Sijui ni vipi nilikuwa sijaigundua sauti hiyo hapo zamani.

"Masikio ni ya huyu mtoto, bosi. Mimi sisikii. Nimesema kimya kwa sababu yeye hakukunja uso, basi. Akisema linaongea, linaongea. Zima gari."

Hakuna aliyecheka. Mchomeleaji mmoja aliinua miwani yake ya kazi kisha akaishusha tena, kana kwamba ameona kisichomhusu. Mlingoti alizima gari. Nadhani alizima ili apate kuelewa vizuri, si kwa sababu alituamini.

Nikafungua mlango wake. "Toa mikono kwenye usukani," nikamwambia. Akatoa. Nikaangalia leva, imefungwa, imekaza, safi kabisa, kila mtu angeapa. Nikaupiga usukani kwa kiganja kutoka juu, pigo moja, si la nguvu sana.

Ukaanguka juu ya magoti yake.

Mlingoti aliutazama. Akatazama geti lililo wazi, na barabara inayoteremka, na ule ukuta kwenye kona. Aliunyanyua usukani kwa vidole viwili kama mtu anayenyanyua kitu kilichokufa, akautoa mapajani, akashuka.

"Kitengeneze," akaniambia. Kisha akamgeukia mjomba, na safari hii aliinama ili midomo yake ionekane, jambo ambalo sikulitarajia kwake. "Mzee, kiti cha dereva hutakikalia tena. Unaelewa kwa nini."

"Naelewa," mjomba akasema, na akampa mlinzi kofia yake ya kazi pale pale, kama mtu anayerudisha sahani baada ya kula.

Kwenye gari la kurudi nyumbani nilikuwa na hasira naye kwa kunificha, na nilikuwa na hasira zaidi na nafsi yangu, na bado nilimpenda. Nilipika chakula kikaungua, tukakila hivyo hivyo. "Kina chumvi," akasema. Nikamwambia mjomba, ulimi nao umeanza? Akacheka mpaka akapaliwa.

Shingo niliitengeneza upya. Niliongeza sahani ya pili pembeni ya ile ya kwanza, meno yake yamepishana na ya mwenzake kwa nusu jino. Jino likikalia jino upande mmoja, upande wa pili linakuta pengo na kuzama. Popote dereva atakapoufunga usukani, sahani moja inauma. Niliipiga kwa kiganja, nikaipiga kwa nyundo ya mpira, nikamwita mchomeleaji mwenye mabega mapana akaning'inia juu yake. Haikusogea.

Siku ya kuijaribu barabarani, kiti cha dereva kilikuwa changu. Nilimwomba Mlingoti amruhusu mjomba akae pembeni yangu, akakubali kwa kichwa bila kunitazama. Mjomba alipanda na shati la nyumbani. Nilipotaka kuwasha gari alinyoosha mkono, akashika kioo cha ndani, akakigeuza mpaka kikaonyesha dirisha la nyuma.

"Dereva anatazama barabara," akasema.

Tukapita usukani ukiwa chini. Tukapita ukiwa katikati. Nikapandisha mpaka juu kabisa, nikafunga leva, nikaingia kwenye matuta, nikasikiliza kwa ngozi yangu yote. Mawe, milango, machela. Nikarudia. Nikarudia tena, kwa kasi zaidi, mpaka meno ya kinywani mwangu yenyewe yakagongana.

Nilisimamisha gari mbele ya karakana. Mlingoti alikuwa pale, na mafundi, na kila mtu alikuwa anangoja neno. Mimi ndiye niliyepaswa kulisema sasa. Lakini mjomba alikuwa amegeuka kwenye kiti chake, ananitazama usoni, bila kioo, bila kujificha, mbele yao wote. Nikamwachia uso wote auangalie, pamoja na machozi yaliyokuwa yakinitoka.

Akausoma. Kisha akafungua mlango.

"Kimya," akawaambia, na gari likatoka.