Moshi wa Miaka Thelathini na Tisa

Usiku wa kuamkia jana niliota nimezuiwa kuingia katika mji ninaoishi.

Najua ndoto ilikoanzia. Jioni ile binti yetu Elinami, anayefanya kazi Ulaya, alipiga simu kuuliza kama nimeshakubali kuiuza landrova. Nikamwambia kwamba Bwana Msangi, mnunuzi wa vyuma chakavu, anakuja asubuhi kuichukua akaikatekate. Akasema, "Afadhali, Baba. Huku gari kama lile lisingekanyaga katikati ya mji. Dizeli za zamani zimepigwa marufuku, kwa ajili ya hewa." Nikasema sheria ni sheria. Nimekuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo kwa miaka kumi na minane, siwezi kusema vingine. Nikalala upande wangu wa kitanda. Upande wa pili ni wa marehemu mke wangu, Nakijwa, na mpaka leo sijathubutu kuuvamia.

Basi katika ndoto ni Jumamosi, saa sita mchana, na Nakijwa ananisubiri sokoni na mkungu wa ndizi. Kwamba amefariki, na huu ni mwaka wa tatu, nalijua vizuri kabisa, ila kwenye ndoto jambo hilo halizuii mtu kwenda sokoni. Kinachonitia wasiwasi ni kuwa nimechelewa. Nakijwa hapendi kusubirishwa. Ukizidi kuchelewa hujitwika mzigo wake akaondoka.

Niko ndani ya landrova. Niliinunua kabla sijaoa, kwa hiyo Nakijwa alipofika nyumbani aliipa jina la bi mkubwa. "Mimi ni bi mdogo," aliwaambia wageni. "Mwenzangu yule pale nje."

Kwenye mzunguko wa kuingilia mjini wameweka kizuizi. Aliyesimama pale ni bomba la moshi, urefu wake kama wangu, limevaa tai.

"Shikamoo, mzee," linaniamkia.

"Marahaba."

"Gari lako lina miaka mingapi?"

"Thelathini na tisa."

"Pole sana. Lingefika arobaini lingekuwa historia, ningelifungulia njia. Thelathini na tisa ni uchakavu tu."

"Tofauti ni mwaka mmoja, mwanangu."

"Ndiyo maana ikaitwa sheria, mzee wangu."

Maneno hayo hayo nimewahi kumwambia mtu pale mahakamani, katika kesi ya mbuzi, na nilijiona mwenye busara.

Nauliza kama hakuna njia nyingine. Bomba linarekebisha tai. "Iko moja, kifungu cha saba. Gari chakavu litaingia iwapo mwenyewe atakusanya na kuondoa moshi wote ambao gari hilo limewahi kuutoa mjini." Linanikabidhi rundo la viroba vitupu na kamba ya katani. "Wote, mzee. Tutaunusa."

"Nikiukusanya wote nitamkuta mke wangu?"

"Ukiukusanya wote."

Nashuka. Landrova nayo inavua magurudumu yake, inajitwika kichwani, inanifuata kwa miguu. Bomba linataka kuikataza, linapekua kanuni zake, linakuta zimekataza gari kuendeshwa tu. Kutembea hazikugusia. Linatupisha.

Moshi wa kwanza tunaukuta nje ya kanisa, umekaa juu ya ua wa michongoma. Ni wa siku ya harusi yetu. Unanukia pilau na mafuta ya nywele, na bado umechangamka. Naushika mkono, naushusha, naufungulia kiroba. Unaingia wenyewe huku unaniuliza bibi harusi yuko wapi.

"Yuko sokoni," nasema. "Ndiko tunakokwenda."

Wa pili uko kwenye geti la shule ya msingi. Huu ni wa siku tuliyompeleka Elinami darasa la kwanza. Ni mdogo, una makamasi, hautaki kuachwa. Naubeba mgongoni. Nasukuma mlango wa darasa nipite kwenda uwanjani, na ninapoingia niko kwenye ukumbi wa hospitali, kwenye benchi lile la mbao ambalo ningependa kutoliona tena.

Moshi umelala pale juu ya benchi. Ni wa safari ya mwisho ya Nakijwa. Nauita, hauinuki.

"Nilikuja mbio siku ile," unasema. "Tulichelewa?"

"Hatukuchelewa," nasema. "Ugonjwa ndio uliotuwahi."

"Una hakika?"

Miaka mitatu najiuliza swali hilo hilo nikinyoa ndevu. Lakini moshi umechoka na mimi ni mtu mzima, kwa hiyo nasema nina hakika. Ndipo unakubali kuingia kwenye kiroba. Naufunga kwa kamba taratibu, nalia kidogo, bi mkubwa anageuza taa zake pembeni asinione.

Tunarudi kizuizini na viroba vyetu vimejaa. Bomba linanusa kimoja kimoja, halina haraka. Likifika mwisho linatikisa kichwa.

"Moshi wa Jumatano haupo."

"Jumatano gari halitoki," naliambia. "Jumatano nakaa mahakamani kutwa nzima. Hakimu alikuwa ananipitia asubuhi na kunirudisha jioni. Gari linabaki nyumbani."

"Kuna Jumatano za miaka minne hapa, mzee. Nazisikia harufu. Hazimo kwenye viroba."

Nageuka kuitazama landrova. Imeinamisha boneti. Miaka kumi na minane nimetazama mashahidi, na mtu anayeficha jambo namjua kwa shingo tu.

"Bi mkubwa," nasema, "Jumatano ulikuwa unakwenda wapi?"

"Baba Elinami, mimi sipendi kuleta ugomvi nyumbani."

"Uko mbele ya baraza. Ulikuwa unakwenda wapi, na nani?"

"Na bi mdogo."

Nacheka. Ninacheka peke yangu. "Nakijwa hajui kuendesha gari. Nilimwambia mara ngapi nimfundishe? Alisema usukani unamtia kizunguzungu."

"Ndivyo alivyokuambia wewe."

Naendelea na mahojiano, maana shahidi hapaswi kuachwa apumue. "Ushahidi uko wapi?"

"Unakumbuka betri yangu ilivyokuwa inakufa kila Alhamisi?"

Nakumbuka. Niligombana na fundi Mrindoko kwa ajili ya betri ile, nikamwita mbabaishaji mbele ya wateja wake, na mpaka leo hatusalimiani.

"Dizeli ya zamani huiwashi papo hapo," landrova inalieleza bomba, ambalo limekunja nne linasikiliza. "Unageuza ufunguo nusu, unahesabu hadi ishirini ili plagi zipate moto, ndipo unapiga. Bi mdogo alikuwa anahesabu hadi mia. Aliogopa kukosea. Na akifika sitini na kitu anapotewa na hesabu, anaanza upya. Betri gani ingevumilia?"

"Na klachi?" nauliza. Hapa nina uhakika nimeibana. "Nakijwa alikuwa mfupi. Mguu wake ungeifikiaje klachi?"

"Alikuwa na katambuga zake. Alimpa mshona viatu aziongezee soli za tairi, moja juu ya nyingine. Akiegesha anazificha humu humu ndani yangu. Usiniulize wapi, aliniapisha."

Nilidhani namjua mke wangu kama ninavyojua njia ya chooni, kumbe wiki nzima nilikuwa na mke mmoja na Jumatano nilikuwa na mwingine, na yule wa Jumatano hatujawahi kuonana. Namtamani huyo kuliko ninavyoweza kusema. Nachomwa na wivu, tena wa kulionea gari.

"Alikuwa anakwenda wapi?"

Landrova inashusha magurudumu kichwani, inayavaa. "Panda," inasema.

Nafungua mlango wa dereva, kama kawaida yangu. Nakijwa amekaa pale. Amevaa kitenge cha bluu, ameshika usukani kwa mikono yote miwili, kidevu kimenyanyuka ili aione barabara.

"Zunguka upande wa pili, Baba Elinami."

Nazunguka. Kiti kile sijawahi kukikalia maisha yangu yote. Nagundua kwamba dirisha lake haliteremki vizuri, na kwamba hakuwahi kulalamika.

"Kumi na nane," anahesabu kwa sauti. "Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na moja."

"Ishirini inatosha, mke wangu."

"Usinichanganye."

Ningemsikiliza akihesabu hadi elfu. Anafika mia, anapiga, bi mkubwa anakohoa, tunaondoka. Bomba linainua kizuizi lenyewe na kutupigia saluti, nadhani kwa sababu ni Jumatano sasa. Nakijwa anabadili gia bila kukwaruza. Mimi mwenyewe ya tatu hunisumbua.

Mji unakwisha, na hapo hapo tuko kwenye uzio wa uwanja wa ndege. Anaegesha pembeni, anazima. Hapa ndipo tulipomsindikiza Elinami siku aliyoondoka, miaka saba iliyopita. Siku ile mimi ndiye niliyelia mpaka askari akaniletea kiti, naye Nakijwa akaniambia nifute pua, watu wanatutazama. Nilimwona ana roho ngumu. Njia nzima ya kurudi sikusema naye.

Ndege inapaa. Nakijwa anaifuata kwa macho hadi inapotelea mawinguni.

"Hiyo inakwenda kwake," anasema.

"Unajuaje?"

"Sijui. Kila Jumatano nachagua moja."

Mashavu yake yamelowa na hayafuti.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungetaka kuendesha wewe."

Nalifikiria jambo hilo kwa haki, pande zote mbili, na naona amesema kweli.

"Nimekukumbuka, Nakijwa," namwambia. "Nyumba ni kubwa mno. Napika ugali wa watu wawili, sijui kupima wa mmoja."

"Najua," anasema. "Haya shuka, kakinge kiroba chako. Si umeambiwa moshi wote?"

Nashuka. Nakwenda nyuma ya gari, natega kiroba cha mwisho. Anawasha, anakanyaga mafuta, moshi wa Jumatano zote unaingia kirobani, mwingi, wa moto, una harufu ya mkaa na ya sabuni yake. Nafunga kwa mafundo mawili. Ninapoinuka landrova imeshaanza kutembea. Mkono wa Nakijwa umetoka dirishani kuonyesha kwamba anaingia barabarani, sawasawa na sheria inavyotaka. Nakimbia. Kiroba hakina uzito wowote lakini siwezi kukimbia nacho, na kukiachia siwezi.

Bomba la moshi limesimama kando yangu. Linanusa.

"Umekamilisha," linasema. "Sasa gari linaruhusiwa kuingia."

"Gari limeondoka."

"Hilo haliko kwenye kifungu cha saba."

Honi ikaniamsha. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, na Bwana Msangi alikuwa getini na lori lake la winchi. Nikavaa koti juu ya pajama, nikaenda kumfungulia. Tukasalimiana. Akaniomba niondoe vitu vyangu kwenye gari kabla hajafunga mnyororo, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama tu kama niliyepigwa butwaa, akaingia akaanza kunisaidia. Akatoa jeki. Akatoa spana. Nyuma ya kiti cha dereva akavuta turubai kuukuu lililokunjwa, ambalo sijalifungua tangu Nakijwa aende, akalikung'uta nje ya mlango.

Vikaanguka viatu viwili.

"Mzee Mbwambo, hivi vya mjukuu?" akauliza.

Sina mjukuu. Zilikuwa katambuga ndogo, zimeongezewa soli za tairi, moja juu ya nyingine, zimepigwa misumari. Nikazishika. Ya kulia ilikuwa karibu mpya. Ya kushoto ilikuwa imelika kwenye ncha, mahali panapokutana na klachi.

Nikamwomba Bwana Msangi samahani kwa kumsumbua asubuhi yote, nikamwambia gari haliuzwi. Akaondoka amenuna, ana haki. Kisha nikakaa kwenye kiti cha abiria, nikampigia Elinami kumwambia vivyo hivyo.

"Baba, tulishakubaliana," akasema. "Hilo gari la nini tena?"

"Mama yako alikuwa anakusindikiza nalo," nikamwambia. "Kila Jumatano."